Ombi la Kuusogeza Mnara Hatua Arobaini na Mbili

Mwl. Yohani Akonaay (Mstaafu),
Kata ya Qurus,
Wilaya ya Karatu.
14 Septemba

Meneja wa Tawi,
Kampuni ya Simu ya Kilele,
Karatu Mjini.

Ndugu Meneja,

YAH: MTANDAO WENU KUSHIKA VIZURI MAHALI PASIPOSTAHILI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wafanyakazi wako wote. Nimeiandika kwa mkono na nitaileta mwenyewe hadi kaunta, kwa sababu kuituma kwa mtandao wenu kungenilazimu kwenda mahali ambapo ndipo hasa ninapolalamikia.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi niliyestaafu. Nimefundisha Kiswahili na Hesabu kwa miaka thelathini na minne, na sijawahi kulalamika bila kuweka namba. Kwa hiyo nitaweka namba. Lakini kwanza nikupe historia fupi, ili usije ukasema mzee huyu ameamka vibaya.

Mke wangu Hyasinta na mimi tuna binti mmoja, Felista. Naye ni mwalimu. Alipangiwa kazi huko Loliondo, na huko huko Ololosokwan akaolewa na mfugaji anayeitwa Lekoko, mtu mrefu, mpole, ambaye akiingia nyumbani kwetu huinama mlangoni hata kabla hajaufikia. Kutoka hapa hadi kwao ni safari ya kutwa nzima, na vumbi lake unakuja nalo mpaka kitandani. Mwezi wa pili mwaka huu Felista alikuwa amekaribia kujifungua mtoto wake wa kwanza, na Hyasinta akatangaza kwamba yeye hatasimuliwa sura ya mjukuu wake kama vile anasimuliwa habari za mafuriko ya mbali. Anataka kumwona. Basi nikaiweka kabatini simu yangu ya kitochi, ambayo ilikaa na chaji wiki nzima na kunimulikia hadi zizini, nikapanda kwenda mjini kununua simu ya kupangusa.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Neno "kila".

Duka nililokwenda ni la mama mmoja anayeitwa Nalangu, jirani na stendi. Nampongeza kwa maandishi, maana sina ugomvi naye. Aliniuliza swali moja tu: "Baba, unataka simu ya kuonekana nayo au ya kuonea?" Nikamwambia ya kuonea, nina mjukuu njiani. Akazisukuma pembeni zile zenye macho matatu mgongoni, akanichagulia ya bei ya mkulima: betri kubwa, kioo kinachovumilia kuanguka, na kamera ambayo kwa maneno yake itanionyesha mtoto vizuri ila haitamhesabu kope. Nilipomuuliza ramu ni nini, alisema, "Ni kama meza yako ya shuleni, Baba. Meza ikiwa ndogo na vitabu vingi, vingine vinaanguka chini." Miaka thelathini na minne nimekaa ubaoni na sijawahi kueleza jambo vizuri namna hiyo.

Simu ina matundu mawili ya laini. Tundu la kwanza tukaweka laini yangu ya siku zote, ya kampuni ya Upeo, niendelee kupigia na kupigiwa. La pili ndipo mlipoingia ninyi. Ukutani mwa duka palikuwa na bango lenu kubwa, mtu amesimama juu ya kilima anacheka na simu, na chini yake maneno: KILELE, TUPO KILA MAHALI. Tena Lekoko alikuwa ametuambia kwamba kwao Ololosokwan inayoshika ni Kilele. Nikasema, kama mtoto anazaliwa kwenye Kilele, babu naye awe kwenye Kilele. Nikaweka alama za vidole mara tatu ndipo mashine ikanikubali, maana chaki na jembe vimenilamba vidole vyote, nikaagiza intaneti yote ipite kwenu.

Ndugu Meneja, sebule yangu ni mahali. Jiko langu ni mahali. Hata choo changu, ambacho sikukusudia kukitaja katika barua ya ofisi, ni mahali, na nimekipima. Hakuna hata mahali pamoja penye kijiti kimoja cha mtandao wenu. Mtu aliyeandika bango lile kama alipita mikononi mwangu darasa la tano, naomba anitafute.

2. Mazoezi ya viungo.

Nyumba yangu ipo kwenye kibonde. Mnara wenu upo nyuma ya kilima chenye mikaratusi. Kwa wiki mbili nilipanda juu ya tangi la maji, nikapanda mparachichi, nikapanda meza juu ya kitanda. Nina miaka sitini na tisa. Hyasinta alinishikia ngazi na kuniuliza kama nina hakika nitaanza kumwona mjukuu kabla ya kumwona Mungu.

3. Siku yenyewe.

Ilikuwa Jumanne, saa kumi alasiri. Lekoko akapiga kwa ile laini ya kawaida. "Baba, amejifungua salama. Ni msichana. Washa video umwone."

Nikawasha. Simu ikazungusha kale kaduara. Nikatoka nje, kaduara kanazunguka. Nikashuka bustanini, kaduara. Nikaanza kukimbia, simu nimeinyoosha mbele yangu kama mtu anayefuata nyuki, na Hyasinta nyuma yangu anapiga kelele, "Nenda huku! Sio huko! Hapo! Rudi!" Nikafika kwenye uzio wa minyaa, kikatokea kijiti kimoja. Nikapenya kwenye uwazi wa uzio, viwili. Nikaegemea ukuta wa kwanza niliokutana nao, vinne. Na pale pale, waziwazi kama picha ya ukutani, nikamwona mjukuu wangu amefungwa kitenge cha mama yake, amekunja ngumi, amekasirika.

Nililia, sikufichi. Na nilipokuwa ninapangusa machozi ndipo niliposikia mkoromo, nikatazama nimeegemea wapi. Nilikuwa nimeegemea banda la nguruwe la Josephati Hhando.

4. Josephati Hhando.

Hapa ni lazima nikueleze, maana hasara ninayodai inaanzia hapa.

Josephati ni jirani yangu. Hadi Jumanne ile tulikuwa hatujasemezana kwa miaka kumi na moja. Chanzo ni maboga. Mwaka ule nilikuwa nimechagua maboga sita ya kupeleka kanisani siku ya shukrani ya mavuno, na kubwa kuliko yote lilihitaji watu wawili kulinyanyua. Jumamosi, nguruwe wa Josephati akaingia kwangu akayala yote, hilo kubwa akaniachia maganda tu kama dharau. Nilipokwenda kulalamika, Josephati akasema lango langu lilikuwa wazi. Nikasema mimi sijawahi kuacha lango wazi tangu nizaliwe. Akasema, "Sasa Mwalimu, nguruwe hajui kusoma. Angejuaje kwamba yale ni ya Bwana?" Watu wakacheka. Nikarudi nyumbani nikachukua kalamu.

Niliandika barua tisa kwa serikali ya kijiji. Josephati aliandika nne za kujitetea, ambazo nilipata nakala zake, nikazisahihisha kwa wino mwekundu, nikanakili masahihisho kwa ajili ya faili langu, nikamrudishia na alama. Ya juu kabisa alipata kumi na nne kwa hamsini. Tangu hapo kanisani yeye alikaa kulia, mimi kushoto. Ikifika wakati wa kutakiana amani, mimi niliinama kufunga kiatu. Watoto wa ekaristi walikua wakijua kwamba Mwalimu Yohani ana kiatu kibovu.

Nakueleza haya ili uone kwamba haukuwa ugomvi wa hivi hivi. Ulikuwa na faili.

5. Yaliyonipata bandani.

Basi nimesimama pale, na Josephati akatokea nyuma ya banda na jembe mkononi. Alikuwa amesikia mtu analia kwa nguruwe wake. Tukatazamana. Maneno yote niliyokuwa nimemwandalia kwa miaka kumi na moja yalikuwa marefu mno kwa pale.

Akaona simu. Akasogea. Akauliza kwa sauti ndogo, "Ni wa Felista?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

Akaweka jembe chini, akavua kofia. Felista alipokuwa mdogo alikuwa akishinda kwake, anafukuza vifaranga. Mimi ndiye niliyemkataza baada ya maboga. Josephati alimtazama mtoto muda mrefu, kisha akasema, "Amechukua pua yenu. Maskini." Na Felista kule Ololosokwan, mchovu, ametoka kujifungua, akasikia sauti akasema, "Baba Josephati! Umekuja nyumbani?" Ningemwambia nini, kwamba mimi ndiye niliyekwenda kwake? Nikanyamaza, na kunyamaza kule kukahesabiwa kuwa ndiyo.

Kosa ni lenu. Mnara ungekuwa hatua arobaini na mbili upande wa kwangu, ningelia sebuleni, na mambo yangebaki yalivyokuwa.

6. Kigoda.

Kuanzia siku ile ikawa lazima kila saa kumi niende bandani, maana ndio wakati Felista anatoka darasani au, katika miezi ile, ndio wakati mtoto anaamka. Siku ya kwanza nilisimama. Siku ya pili nilisimama. Siku ya tatu nikakuta kigoda. Kigoda kilikuwa kimewekwa tu, kimefutwa vumbi, kinatazama upande wenye kivuli.

Nilikaa nikijiambia ni kwa ajili ya magoti. Wiki iliyofuata vigoda vikawa viwili.

7. Chai.

Mke wa Josephati anaitwa Penina. Sitaki kuizungumzia chai ya Penina katika barua rasmi. Itoshe tu kusema ina tangawizi, na huja na kiazi kitamu.

8. Heshima yangu ukweni.

Ndugu zake Lekoko ni watu wa ng'ombe. Nguruwe hawajamzoea. Sasa kila wanaponiona kwenye simu, nyuma yangu kuna nguruwe anatazama. Mwanzoni mama yake Lekoko alimuuliza Felista kwa siri kama wazazi wake tunalala na wanyama wale. Baadaye wazee wakaanza kuja kuangalia. Ikafika mahali nikipiga simu nakuta watu wanane wamevaa shuka zao, wamekaa kwenye nyasi, na kabla ya salamu wananiambia nisogeze kichwa, ninawaziba. Wamempa jina. Sijui unavyoichukulia familia, Ndugu Meneja, lakini mimi nimewahi kukatizwa katikati ya kueleza maadili ya ndoa ili mzee mmoja aulize yule jike mwenye baka ameshazaa au bado.

Lililonichoma zaidi ni hili. Mwezi wa sita mjukuu wangu alicheka kwa mara ya kwanza. Familia nzima ilikuwa imemsubiri. Nilikuwa nimemwimbia, nimempigia makofi, nimemchezeshea masikio. Alicheka pale nguruwe alipopiga chafya. Josephati akasema, "Babu yako wa kwanza amekuimbia bure, umecheka kwa nguruwe wa babu yako wa pili." Akajihesabia ubabu papo hapo, na hakuna aliyempinga.

9. Maongezi ya umma.

Watu wameanza kusema. Mtendaji wa kijiji alinisimamisha njiani akaniuliza kama lile faili la maboga alifunge. Nikamwambia bado. Akaniuliza tena, "Mwalimu, mbona jana nilikuona unamshikia Josephati nguruwe achomwe sindano?" Nikamwambia ni masuala ya mtandao. Alinitazama namna ambayo mimi mwenyewe huwa namtazama mwanafunzi anayesema daftari limeliwa na mbuzi.

Na Jumapili moja padre alipotualika tutakiane amani, niliinama kama kawaida, nikakuta mkono wa Josephati umeshafika. Alikuwa amehama kutoka kulia. Nina shahidi, mke wangu, ambaye alikuwa anacheka ndani ya kitabu cha nyimbo.

10. Siku tatu hospitalini.

Hili naliandika kwa uzito.

Mwezi uliopita nilikwenda saa kumi kama kawaida. Kigoda hakikuwepo. Penina alikuwa ameenda Mbulu kwenye msiba wa shangazi yake. Simu ilikuwa na vijiti vinne, nimeishika mkononi, Felista anasubiri, na sikupiga. Nilisimama pale nikasikiliza. Nguruwe walikuwa wanalia njaa. Josephati hajawahi kuwaacha nguruwe na njaa.

Nikaenda mlangoni kwake. Sikuwa nimegusa mlango ule kwa miaka kumi na moja. Nikabisha, nikaita, nikasukuma. Nilimkuta sakafuni kando ya kitanda, mwili wa moto, anapumua kama mtu anayepandisha mlima na gunia. Nikamwita Hyasinta, tukamvika koti, nikakimbilia barabarani.

Gari la kwanza lililosimama lilikuwa la utalii, linarudi tupu kutoka geti la hifadhi. Dereva wake, Thomasi, hakuuliza maswali. Tulimweka Josephati kwenye kiti cha kutazamia tembo, paa bado limefunguliwa, nami nimemkumbatia asianguke kwenye kona. Akafumbua macho akaona mawingu yanapita juu yake. Akaniuliza, "Mwalimu, nimekufa?" Nikamwambia, "Hujafa, upo kwenye gari la Wazungu." Akasema, "Basi nirekebishie kofia."

Hospitalini nesi alikuwa anajaza fomu. Akaniuliza mimi ni nani wa mgonjwa. Ndugu Meneja, kwa swali hilo nilikuwa na majibu tisa yaliyoandikwa na kupigwa mihuri, na hakuna hata moja lililofaa. Nikasema ni jirani. Nesi akasema fomu haina sehemu ya jirani, akaandika "ndugu". Sikumsahihisha. Mimi, ambaye nimesahihisha kila kitu kilichopita mbele yangu, nilitazama tu kalamu yake inavyomaliza neno.

Ilikuwa homa ya mapafu. Daktari alisema angechelewa hadi asubuhi ingekuwa habari nyingine. Nililala kwenye benchi la korido siku tatu, nimemwachia Hyasinta nguruwe wa watu. Usiniulize niliogopa kiasi gani, kwa sababu nitakujibu, na barua itaharibika.

11. Kuporwa ushindi.

Siku ya tatu Josephati akaweza kukaa. Nilikuwa namenya chungwa. Akasema, "Mwalimu, yale maboga."

Nikasema, "Josephati, kula chungwa."

Akasema, "Lango nililiacha wazi mimi. Nilikuja kuazima jembe, sikukukuta, nikatoka bila kufunga. Nguruwe alikuwa ananifuata nyuma, mimi sikujua."

Nilikaa na chungwa mkononi. Miaka kumi na moja nilikuwa nimesema lango sikuliacha wazi. Barua tisa. Nilikuwa sahihi! Nikamuuliza kwa nini hakusema siku zote hizo.

Akanitazama kwa aibu. "Nilitaka kusema. Barua yangu ya kwanza ilianza kuomba radhi, ila niliandika kwa kuzunguka. Ikarudi ina wino mwekundu juu mpaka chini. Nikaona basi, mtu akishanipa kumi na nne kwa hamsini, nitamwambia nini tena?"

Nilipofika nyumbani nililifungua faili. Ni kweli. Mstari wa pili ameandika "naumia sana kwa kilichotoke na maboga yako", na mimi nimezungushia "kilichotoke" na kuandika pembeni: herufi imesahauliwa. Neno "naumia" sikuliwekea alama yoyote. Lilikuwa limeandikwa sawasawa, kwa hiyo sikuliona.

Sasa nimeshinda kesi, Ndugu Meneja, na katika tarafa nzima mtu pekee ambaye angeelewa ukubwa wa ushindi huo ni mshtakiwa. Nikasherehekea naye. Tulikunywa chai ya chupa, tukacheka hadi nesi akaja kutukemea kwamba hii ni wodi. Huo si ushindi niliouandaa.

Kwa kuzingatia yote niliyoyataja, naomba yafuatayo:

(a) Mnara wenu usogezwe hatua arobaini na mbili kuelekea mashariki, ili mtandao unaoangukia banda la nguruwe la Josephati Hhando uangukie sebuleni kwangu. Nimepima kwa hatua zangu mwenyewe, mara mbili, kabla ya kula.

(b) Ikiwa mnara hausogezeki, neno "kila" liondolewe kwenye bango lililopo dukani kwa Nalangu. Mnaweza kuandika TUPO KWA JOSEPHATI. Ni fupi na ni kweli.

(c) Kampuni iandike barua yenye mhuri kwa serikali ya kijiji, ikieleza kwamba mimi huenda kwa Josephati kila siku kwa sababu za kiufundi na si kwa hiari yangu. Isomwe kanisani baada ya matangazo.

(d) Ugomvi wangu urejeshwe katika hali uliyokuwa nayo kabla ya Februari. Ikishindikana, nipatiwe mwingine wa thamani hiyo hiyo. Sitachagua sana mtu wa kugombana naye, ila awe anajua kusoma na kuandika, na safari hii nitasoma barua zake zote hadi mwisho kabla ya kufungua kalamu.

Nakuomba unijibu kwa barua ya karatasi. Ukinipigia kupitia laini yenu hutanipata, isipokuwa uwe umepiga saa kumi, na hapo atakayepokea huenda akawa Josephati, kwa kuwa ana tabia ya kunishikia simu ninapokunywa chai.

Nisalimie wahandisi wako wanaopanda minara, Mungu awalinde na upepo. Nisalimie dada wa kaunta. Hyasinta anakusalimu. Penina anakusalimu. Felista, Lekoko, mtoto na wazee wote wa Ololosokwan wangekusalimu kama wangejua ninaandika. Josephati yupo uzioni sasa hivi, anauliza ninaandika nini kirefu hivi. Nimemwambia ni mambo ya ofisi, naye anakusalimu pia.

Ni mimi niliyekosewa kwa adabu zote,

Yohani Akonaay
Mwalimu Mstaafu

N.B. Jumatatu, saa tisa alasiri. Nilikuwa nimeshafunga bahasha, lakini huwa sipeleki barua kabla mke wangu hajaisoma, kwa ajili ya mikato. Hyasinta ameisoma hadi mwisho. Kisha akachukua simu yangu, akaingia nayo jikoni, akabonyeza mahali, akabonyeza tena, akaniita. Felista alikuwa ndani ya simu, anang'aa, hana hata mkwaruzo, na Hyasinta amesimama pale pale penye mafiga.

"Ni ile laini ya Upeo, Baba Felista," akasema. "Unaiambia tu intaneti ipite huku badala ya kule. Kwani lazima laini yako ifanane na ya mtoto?"

Nikamuuliza amejua lini. Akasema tangu mwezi wa tatu, alimuuliza Nalangu siku ya mnada. Huwa anaongea na Felista kila asubuhi anapochochea uji, kisha anarudisha kama nilivyoagiza.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Nilikuwa na hasira kidogo. Akamwaga maharage kwenye ungo, akaanza kuyachambua. "Ningekwambia," akasema, "ungebaki nyumbani."

Kwa hiyo, Ndugu Meneja, nafuta maombi yangu (a) hadi (d), pamoja na kichwa cha barua. Mnara ubaki ulipo. Na kama wahandisi wako wana mpango wowote wa kuboresha mtandao upande huu, nawasihi waanze na kata nyingine, wasiwe na haraka na sisi.

Barua naileta hivyo hivyo, kwa sababu imenichukua siku nne na mwandiko umekaa vizuri. Ila naomba yaliyomo katika N.B. yasimfikie Josephati. Nimeshairudisha intaneti kwenu. Saa kumi inakaribia, na leo ni zamu yangu kupeleka viazi.